Mwalimu na Mitumbwi Iliyopotea

Ukimwuliza Mwalimu swali, kwanza alikulaumu kwa namna ulivyouliza. "Swali lako lina maswali matatu ndani yake," alikuwa akisema, "na mawili kati ya hayo huna haja ya kuyajua." Kisha alilijibu lile lililobaki, polepole, kwa sauti ya mtu anayesoma tangazo la serikali. Uliondoka umeudhika, lakini umeelewa. Nilimfahamu hivyo kwa karibu miaka yote ya tisini, Mpanda mjini, wakati bado tuko Mkoa wa Rukwa na umeme wa jenereta unakuja na kuondoka upendavyo.

Alifundisha fizikia sekondari na aliishi Makanyagio, nyumba chache kutoka kibanda changu cha kuchaji betri. Walimu walikuwa wengi pale mjini, lakini ukisema "Mwalimu" bila kuongeza neno, watu walijua ni yeye, kana kwamba wengine wote walikuwa wanajaribu tu.

Ninaandika habari zake kwa sababu nimechoka kuzisikia zikisimuliwa vibaya. Wapo watu siku hizi wanaosema kwamba programu ya kutafuta waliopotea ziwani ilitengenezwa na mradi wa ziwa. Si kweli. Mradi uliikuta imekwisha kutengenezwa, ukaifunga. Kati ya kutengeneza na kufunga kuna tofauti kubwa, na tofauti hiyo ilimgharimu mtu maisha yake.

Nianze na programu yenyewe. Shuleni kulikuwa na kompyuta kuukuu iliyoachwa na mwalimu wa kujitolea aliyerudi kwao. Kioo chake kilionyesha rangi moja. Walimu wenzake waliifunika kitambaa cha kufuma, kama redio ya sebuleni. Mwalimu alikitoa kitambaa, akaomba ruhusa ya kuihamishia nyumbani kwake, na tangu hapo akawa mteja wangu wa kudumu, maana umeme ulipokatika aliiendesha kwa betri za gari na kifaa cha kugeuza umeme alichokiunga mwenyewe. Kwa kuwa nilimpelekea betri, nilikaa. Kwa kuwa nilikaa, nilijifunza. Kila ninachokijua kuhusu kompyuta kilianzia pale, nikiwa nimekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, kwa sababu kiti kilikuwa kimoja na hakikuwa cha wageni.

Chombo kikizimika injini au kikipinduka ziwani, hakikai kilipo. Upepo unakisukuma, mkondo wa maji unakivuta, na viwili hivyo mara nyingi havikubaliani. Programu ya Mwalimu, aliyoiita MKONDO, iliuliza mambo machache: chombo kilionekana wapi mara ya mwisho, lini, na tangu hapo upepo umevuma kutoka wapi na kwa nguvu gani. Kisha ilimwaga mamia ya nukta mahali pale kwenye kioo. Kila nukta ilikuwa kama mtumbwi mmoja wa kudhania, na kila moja ilisafiri kwa upepo uliotofautiana kidogo na wa mwenzake, kwa sababu hakuna mtu anayeujua upepo kwa hakika. Nukta zilienda zikitawanyika kama moshi. Mwishoni ulitazama zilipojazana.

"Mashine hii haijui mtu yuko wapi," alikuwa akiwaambia waliokuja kushangaa. "Inajua mahali ambapo ni upumbavu kuanza kumtafuta."

Jirani yangu, fundi baiskeli, hakuchoka kumtania. Ziwa Tanganyika liko mbali na Mpanda; kwa lori ni safari ya kutwa, na masika ni safari ya Mungu akipenda.

"Mwalimu, ziwa liko Karema. Huku Makanyagio unatafuta nani? Kambare wa mtaroni?"

"Namtafuta mwenye akili. Nimemaliza mtaa mzima, sasa nakuja kwako kwa kukata tamaa tu."

"Aka! Na kuogelea hujui!"

"Wewe unatengeneza baiskeli za wanawake. Umewahi kuvaa gauni?"

Ni kweli hakujua kuogelea. Alitapika hata mtumbwi ukiwa umefungwa kwenye mti. Hakupenda kueleza kilichomwingiza katika kazi ile, na mimi sikumlazimisha. Najua tu kwamba mwanafunzi wake mmoja wa Ikola alipotea ziwani wakati wa likizo, na wazazi walipokosa mwili wakazika nguo zake. Mwalimu alikwenda matangani. Nilitegemea arudi na huzuni, akarudi na hasira.

"Wamemtafuta pale alipoonekana mara ya mwisho," aliniambia. "Wamezunguka hapohapo mpaka jua limezama, mahali ambapo jambo la pekee tulilo na hakika nalo ni kwamba hayupo."

Asidhani mtu kwamba alikuwa mkarimu kwa kila kitu. Alikuwa bahili, na ubahili wake ulikuwa na utaratibu. Sukari aliiweka kwenye sanduku la chuma, na ufunguo ulining'inia shingoni pake pamoja na msalaba. Baiskeli yake haikuazimwa, hata msibani. Watoto waliochuma mapera yake aliwafukuza mpaka barabarani, kisha akawasimamisha na kuwauliza kanuni ya mwendo. Aliyejibu sawa aliruhusiwa kubaki na pera. Mkewe alikuwa akisema mbele ya wageni, bila kushusha sauti, "Huyu bwana angeweza angefungia hata kivuli cha nyumba."

Lakini programu aliigawa. Aliyekuja na diski tupu aliondoka nayo imejaa. Asiye na diski alipewa karatasi zilizochapwa mistari yote, aende akaipige mwenyewe herufi kwa herufi. Nilimwuliza siku moja inakuwaje mtu anayefungia sukari agawe kazi yake ya miaka.

"Una shamba la mihogo?" aliuliza.

"Ninalo, Misunkumilo."

"Mbegu ulinunua wapi?"

Sikununua. Huku kwetu hakuna anayenunua mashina ya mihogo. Nilimwomba jirani wa shamba, Mrundi mmoja aliyehamia pale kutoka makazi ya wakimbizi, akaniambia nikate ninavyotaka. Naye alikata kwa mtu mwingine. Na mwaka uliofuata, ugonjwa wa batobato uliposhambulia shamba lake, alikuja kwangu kukata mashina ya mbegu yake mwenyewe.

"Basi," Mwalimu alisema. "Sukari nikikupa imekwisha. Mihogo nikikupa, nina mahali pawili pa kwenda shamba langu likiugua."

Sharti lake lilikuwa moja, na lilikaa juu kabisa ya programu kwa Kiswahili: chukua, tumia, badilisha, mpe mwingine, ukibadilisha, mwonyeshe kila unayempa ulichobadilisha. Leo wanaiita programu huria, na wapo wanaolipwa kuieleza katika semina zenye chai na vitafunio. Wakati ule nilidhani ni sheria ya Makanyagio.

Diski zake zilisafiri kwa treni ya Tabora na kwa posta, zikiwa zimefungwa ndani ya karatasi ngumu za masanduku ya sabuni. Mtu mmoja wa Mwanza aliigeuza programu ili ifuatilie gugumaji, lile jani lililokuwa linafunika bandari zao. Muuguzi mmoja wa Ziwa Nyasa aliongeza ramani ya huko. Mwingine, bwana misitu, aliondoa maji kabisa akaweka hewa, akawa anakisia moshi wa mioto ya kiangazi utaangukia vijiji gani. Mwalimu alifurahi juu ya moshi ule kama mtu aliyepata mjukuu. Furaha yake, hata hivyo, ilikuwa na namna yake. Barua aliyomwandikia bwana misitu ilianza hivi: "Umebadilisha mistari mitatu bila kueleza sababu. Eleza, au nitadhani huijui."

Kulikuwa na tabia yake nyingine ambayo sijaiona kwa msomi mwingine yeyote. Kila mtu huanza kazi yake kwa kusifu inachoweza. Yeye alianza na kichwa cha habari kwa herufi kubwa: MAKOSA YANAYOJULIKANA. Chini yake aliorodhesha kila udhaifu wa programu aliougundua mwenyewe au alioonyeshwa na wengine, na jina la aliyemwonyesha. Darasani alikuwa mkali kiasi cha wanafunzi kutetemeka wakikosea, lakini kosa lake mwenyewe alilitangaza mpaka sokoni. Mkuu wa shule aliwahi kumwambia kwamba anajivunjia heshima. Alijibu kwamba heshima yake si mtumbwi, haizami kwa tundu moja.

Kosa kubwa kuliko yote lilikuwa la vibuyu.

Ili kujua maji na upepo vinasukuma kitu kwa kasi gani, unahitaji kuachia vitu ziwani na kuona vinatokea wapi. Mtu wa kwingine angetumia chupa. Huku kila nyumba ina vibuyu, na Mwalimu aliviomba kila alipokunywa pombe ya kienyeji, maana bahili hakosi kuomba. Aliviziba kwa nta, akavichora namba kwa rangi, akawapa wavuvi waviachie mahali alipowaagiza. Walioviokota walivipeleka shule iliyo karibu, na walimu wa shule hizo walimwandikia. Kazi ile ilimchukua misimu kadhaa. Kutokana na vibuyu alipata namba moja, iliyosema kitu kinachoelea kinachukuliwa na upepo kwa kiasi gani. Namba hiyo ilikaa katikati ya programu, na kila nukta iliitii.

Tatizo ni kwamba kibuyu kitupu kinakaa juu ya maji kama bata. Zaidi ya nusu yake iko hewani, na upepo unakikamata. Mtumbwi uliojaa maji, na watu wameushikilia, uko karibu wote chini. Upepo hauupati. Unakwenda taratibu na mkondo, na mara nyingi haubanduki sana pwani, wakati kibuyu kimekwisha kufika nusu ya njia ya Kongo.

Alilitambua hilo baada ya mtumbwi mmoja uliojaa maji kuokotwa mahali ambapo hakuna hata nukta moja ilikuwa imefika. Hakulala kwa raha mpaka likizo ya Pasaka. Alikwenda Karema, akanunua mtumbwi uliochakaa, akaujaza maji, akafunga mifuko ya mchanga kwenye kingo zake badala ya watu, akauachia. Kisha akaufuata ndani ya mtumbwi mwingine kutwa nzima akitapika. Wavuvi waliompeleka walicheka mpaka wakaacha kupiga makasia.

Aliporudi aliongeza swali katika programu: je, chombo kimejaa maji, ndiyo au hapana? Ukijibu ndiyo, ilitumia namba mpya. Kwenye orodha ya makosa aliandika kwamba aliyeikosea namba ya kwanza ni yeye, kwa kutumia vibuyu bila kufikiri. Akatuma diski mpya kwa kila aliyekuwa na ile ya zamani.

Diski moja ilirudishwa. Ilitoka kwa mradi.

Mradi ule wa ziwa ulikuwa na ofisi mjini, yenye uzio, gari jipya na redio ya mawasiliano, na boti ya mashine kule ufukweni. Mratibu wake alikuwa Mtanzania mwenzetu, mtu wa makamo, mpole wa maneno. Alikuja kwa Mwalimu kabla kosa la vibuyu halijajulikana, akakaa juu ya ndoo kama sisi wengine, akapewa diski kama sisi wengine. Baada ya miezi kadhaa tuliiona programu ile ofisini kwao. Ilikuwa na nembo ya mradi mwanzoni. Lile sharti la juu limefutwa. Orodha ya makosa imefutwa. Na mistari yenyewe haikuonekana tena.

Programu ina sura mbili: ile anayoisoma mtu na ile inayosomwa na mashine. Mwalimu aligawa sura ya mtu. Mradi ulibakiza sura ya mashine peke yake, ukaweka na neno la siri ili hata kuihamisha isiwezekane. Ilifanya kazi vizuri. Ila haikuwezekana tena kuirekebisha, hata na yule aliyeiandika. Mhandisi wa mradi aliyeifunga alikuwa amekwisha kuondoka nchini.

Barua iliyofuatana na diski iliyorudishwa ilisema mradi haupokei mabadiliko kutoka nje. Kutoka nje! Nilimwona Mwalimu akiisoma mara mbili, kisha akaitumia kufungia pilipili.

Ilikuwa kiangazi, upepo wa kusini, ule unaopindua mitumbwi kila mwaka, umekwisha kushika, siku lori la Karema lililokesha njiani liliposhusha habari kibandani kwangu asubuhi. Mtumbwi mmoja wa dagaa haujarudi. Ndani yake walikuwa watu wawili: Deo, mvuvi wa miaka mingi, na Masanja, kijana wa Kisukuma ambaye ndugu zake walihamia na ng'ombe na ambaye aliwashangaza wote kwa kuacha ng'ombe akaenda kuvua. Jana yake jioni wenzao waliuona mtumbwi wao ukipigwa na wimbi na kujaa maji, wakashindwa kuwafikia. Mke wa Deo, Mama Yustina, alikuwa amempa dereva wa lori ujumbe mmoja tu: amwambie yule mwalimu wa nukta.

Mwalimu aliacha chai. Nilimpelekea betri iliyojaa, akawasha, akajibu maswali ya programu yake, na kwenye swali la mwisho akabonyeza ndiyo. Nukta zikasogea kidogo tu kaskazini, zikakaa zimeshikana karibu na pwani yetu. Kisha, kwa kulinganisha, akairudia kwa namba ya vibuyu. Zote zikakimbilia katikati ya ziwa.

"Mradi wataanzia huko," alisema. "Twende."

Mratibu alitupokea mlangoni. Nyuma yake redio ilikuwa inaongea.

"Shikamoo Mwalimu. Leo utanisamehe, tuna dharura."

"Marahaba. Dharura hiyo ndiyo iliyonileta. Boti mmeielekeza wapi?"

"Programu imetupa eneo. Boti inaondoka sasa hivi."

"Katikati ya ziwa."

Mratibu akageukia redio.

"Mtumbwi ule umejaa maji," Mwalimu alisema. "Programu yenu inadhani ni kibuyu. Mpigie nahodha, mwambie aanze pwani, kaskazini kidogo ya walipoonekana. Nimekuandikia hapa."

"Mwalimu, programu yetu imepitishwa."

"Imepitishwa na nani? Namba mnayoitumia ni yangu, na nakuambia mimi mwenyewe kwamba nilikosea!"

"Hatuwezi kutumia makisio ya mtu binafsi."

"Humo ndani hakuna kitu ila makisio ya mtu binafsi. Mmeyawekea nembo tu."

"Nikibadilisha eneo na wasipatikane, nani atawajibika?"

"Na usipobadilisha wasipatikane?"

"Hapo tutakuwa tumefuata utaratibu," Mratibu alisema, na kwa kweli alisema kwa upole. "Tuheshimiane, Mwalimu."

Nimeyaandika maneno hayo kama nilivyoyasikia. Nimeyafikiria kwa miaka mingi, nikijaribu kumtendea haki yule bwana. Hakuwa katili. Aliogopa. Lakini alikuwa amejijengea mwenyewe kitu cha kuogopa. Programu ingekuwa wazi, angeufungua mstari ule mbele yetu, angeiona namba, angeiona orodha ya makosa na maelezo ya mtumbwi wa mifuko ya mchanga, na angeweza kuamua kwa akili yake. Mradi ulimnyima hata yeye nafasi hiyo. Ulimweka mtu mwenye akili timamu mbele ya sanduku lililofungwa, ukamwambia alitii.

Tukaenda parokiani, kwenye redio nyingine. Padre alikuwa vijijini na katekista aliogopa kuigusa bila ruhusa, mpaka Mwalimu alipomfokea kwa sauti ya darasani. Ujumbe ulifika Karema mchana umekwisha kugeuka. Wavuvi hawakuwa na mashine, walikuwa na makasia na upepo mkali ziwani. Hata hivyo walitoka.

Waliukuta mtumbwi alfajiri, mahali nukta zilipojazana. Masanja alikuwa ameushikilia. Deo hakuwepo.

Wiki chache baadaye Masanja alikuja Mpanda kutibiwa miguu, akapita kwa Mwalimu kushukuru. Alikaa juu ya ndoo. Alikuwa anaongea kwa shida, Kiswahili chake kikichanganyika na Kisukuma.

"Tulisikia mashine," alisema. "Mchana, jua bado kali. Deo akasema, wanakuja hao. Tukapiga kelele. Ikapita mbali, inaenda Kongo. Deo akasema, watarudi, hawa wana mafuta mengi. Tukangoja. Jioni akasema mikono imekufa."

Mwalimu alimwuliza jambo moja tu: "Mashine mliisikia upande gani?" Masanja akanyoosha mkono. Mwalimu akatikisa kichwa, akatoka nje, akasimama kwenye miti yake ya mapera muda mrefu. Mkewe alimfuata, akamvua ufunguo shingoni, akamfungulia Masanja lile sanduku, akamwekea sukari vijiko vingi kwenye chai, na Mwalimu aliporudi hakuvihesabu.

Mradi nao ulitoa taarifa. Ilisema kwamba programu ya mradi ilisaidia katika zoezi la utafutaji na kwamba mtu mmoja aliokolewa akiwa hai. Taarifa yote ilikuwa hiyo. Niliisoma kwenye ubao wao wa matangazo, chini ya kioo, imepigwa muhuri. Mama Yustina alitembea na kupanda malori kutoka Ikola mpaka ofisi ile kuuliza swali moja: ni kweli mliambiwa mume wangu yuko wapi? Aliambiwa Mratibu yuko safarini. Alirudi tena, akaambiwa aandike barua. Hakujua kuandika. Hakutaka fidia, alitaka mtu wa mradi amjibu ndiyo kwa mdomo wake. Sisi tulimwambia, lakini si sisi tuliokuwa tunaulizwa.

Mwalimu alistaafu kabla muongo ule haujaisha, akahamia Kibaoni, huko Mpimbwe, kulima mpunga. Nilikwenda kumwona mwaka mmoja mwishoni mwa masika, mpunga ukiwa umeinamisha vichwa. Macho yake yalikuwa yameingiwa na ukungu, na alinitambua kwa sauti.

"Umenenepa," alisema.

"Hunioni, Mwalimu."

"Nasikia kiti kinalia."

Hatukuwa tumekaa sana gari likasimama uani. Alishuka kijana nadhifu, akamwamkia Mwalimu kwa heshima, akaeleza shida yake. Mradi ule ulikuwa umekwisha. Vitu vyake vimekabidhiwa kwa ofisi yao mpya, pamoja na kompyuta, lakini kompyuta imekufa na programu haihamishiki, kwa sababu hakuna mtu anayelijua neno la siri. Wameambiwa kwamba mzee huenda anayo nakala ya mwanzo.

Nilimgeukia Mwalimu. "Mwulize atakulipa nini," nilisema. "Mwulize kama watairudisha ile orodha. Mwulize Mama Yustina amejibiwa na nani."

"Wewe nyamaza," Mwalimu alisema. Akamwita mkewe alete diski. Akampa kijana mkononi, akamweleza sharti la juu, akamweleza swali la mtumbwi uliojaa maji na akamfanya alirudie mpaka alipolisema sawasawa. Kijana akashukuru sana, akasimama aondoke.

"Kaa," Mwalimu alisema. "Hiyo umekwisha kupata, hakuna wa kukunyang'anya. Sasa kuna jambo la pili, na halihusiani na la kwanza. Ikola kuna mama mmoja, mumewe alikufa ziwani. Alitafutwa mahali pasipo pake, na mradi ulikuwa umeambiwa asubuhi ileile pa kumtafuta. Nenda ukamwambie kwamba mliambiwa."

"Mzee, mimi sikuwepo."

"Najua. Waliokuwepo hawataenda."

Kijana akaitazama diski, akatazama gari. "Nitaangalia ratiba, mzee," alisema.

Gari lilipoondoka nilishindwa kujizuia. "Huyo haendi Ikola."

"Haendi."

"Na ulijua kabla hujampa."

"Nilijua."

"Ungeishikilia mpaka aende! Kwa mara moja tu, Mwalimu! Ungewafungia na wewe kidogo waone inavyouma. Kwa nini umempa?"

Alinigeuzia uso, macho yake ya ukungu yakitafuta mahali sauti yangu ilipotoka, kama mtu anayesubiri mwanafunzi mzito afike mwenyewe.

"Kwa sababu mwezi ujao," alisema, "upepo wa kusini unaanza."